Nino Bixio, nahodha aliyepewa jeshi

Jamani karibuni, na wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, maikrofoni hakuna na sauti yangu mnaijua. Kuna mtu kaniuliza hapo mlangoni, mzee, leo tena umetuletea majenerali wa Italia, wanatuhusu nini sisi watu wa Tanga? Nikamwambia kaa, kuna mahali watatuhusu na utashtuka. Lakini hata wasingetuhusu ningekuja tu, maana mtu wangu wa leo ni baharia, na mtu wa mji huu asiyependa habari za baharia mimi simwelewi.

Ukitaja kuungana kwa Italia kila mtu anakurukia na Garibaldi, yule jenerali wa shati jekundu na ndevu. Sawa, Garibaldi mkubwa, simgusi. Leo nataka tumwangalie aliyekuwa anasimama ubavuni kwake, Gerolamo Bixio, wote wakimwita Nino. Wengi wanamtaja kama msaidizi wa Garibaldi basi wanapita, mi naona hapo wanamkosa. Huyu jamaa alikuwa nahodha, na mpaka anakufa hakuwahi kushuka melini hata akiwa juu ya farasi. Walimpa jeshi akaliendesha kama meli, likaenda. Wakampa mji wa wakulima nao akauendesha kama meli, na huko ndo kulikoharibika.

Kwanza muelewe ilikuwaje. Anapozaliwa pale Genoa mwaka 1821 hakuna nchi inaitwa Italia. Kuna mfalme wa Sardinia anakaa Turin na Genoa ni yake, Milan na Venice ziko chini ya Austria, katikati Papa ana dola yake na makao Rome, kusini kote kuanzia Naples mpaka kisiwa cha Sicily wanatawala wafalme wa ukoo wa Bourbon, alafu kuna vidola vingine vidogo vidogo. Mtu wa Genoa na mtu wa Sicily kila mmoja akishika lugha ya kwao hawasikilizani. Italia ilikuwa ndoto ya waliosoma, wakulima wao walikuwa wanaota vitu vingine, tutafika huko.

Mama yake Nino alifariki yeye akiwa mtoto, baba akaoa mwingine, na mtoto na mama wa kambo hawakuiva chungu kimoja. Miaka 13 tu wakampakia kwenye meli ya tanga kwenda Amerika, kijana wa kupiga deki na kutumwatumwa. Aliporudi, wakamtia jeshi la majini la mfalme, inasemekana ili kujaza nafasi ya kaka yake. Yaani mtoto ametolewa nyumbani mara mbili. Na hiyo nyumba msiidharau, kaka yake Alessandro alihamia Ufaransa akaingia siasa akashika hata uwaziri kwa siku chache mwaka 1848, ndugu mwingine akawa padri Mjesuiti akaishia California. Wa baharini akawa Nino peke yake.

Alipotoka jeshini akapata kazi kwenye meli ya biashara ya Kimarekani, wakafika mpaka pwani ya Sumatra, kisiwa kile cha Indonesia, nahodha wao akiwa mkatili hana mfano. Bixio akajitosa majini na wenzake wakaogelea kwenda nchi kavu. Hakufika mbali, wenyeji wakamkamata wakamrudisha kwa nahodha yule yule. Hii Sumatra iwekeni kiporo, tutairudia.

Sasa mwaka 1847 yuko Genoa, kashaingia mambo ya Mazzini, yule mwanasiasa aliyehubiri Italia iwe nchi moja, kichwa kinachemka. Mwezi wa 11 mfalme Carlo Alberto anapita mjini juu ya farasi, watu wamejaa barabarani wanashangilia. Bixio anachomoka kwenye umati, anashika hatamu za farasi wa mfalme, anamwambia vuka Ticino na sisi sote tuko nyuma yako. Ticino ni mto, upande wa pili Waaustria. Hebu fikirieni, baharia wa miaka 26 amesimamisha farasi wa mfalme anampa oda. Wala si matusi, ndivyo alivyozoea, kwenye meli ukiona chombo kinaelekea siko unapiga kelele.

Mwaka 1849 Rome imemkimbiza Papa na kutangaza jamhuri, Wafaransa wanakuja kumrudisha, na Bixio yumo kwenye watetezi wa mji pamoja na rafiki yake Goffredo Mameli, kijana aliyeandika maneno ya ule wimbo ambao leo ni wimbo wa taifa wa Italia. Tarehe 3 Juni kwenye mapigano ya Villa Corsini, nje kidogo ya lango la San Pancrazio, wote wawili wakapigwa risasi. Bixio akapona. Mameli mguu ukaoza, wakaukata, haikusaidia, mwezi uliofuata akafa na miaka 21. Bixio akarudi baharini, na miaka michache baadaye alipopata meli ya kuiongoza mwenyewe akaiita Goffredo Mameli, akaenda nayo mpaka Australia. Hapo katikati akaoa, na alimuoa mtoto wa dada yake, kwa kibali cha Papa. Naona nyuso huko mbele. Mimi nasimulia tu.

Sasa tuingie 1860 maana hapo ndo penyewe. Kaskazini mambo yameshaanza kuungana baada ya vita ya 1859, huku kusini Sicily imeanza kuasi, na Garibaldi anataka kwenda na vijana wa kujitolea. Meli hana. Usiku wa tarehe 5 Mei Bixio na watu wake wanaingia bandari ya Genoa wanachukua meli mbili za mvuke za kampuni ya Rubattino, Piemonte na Lombardo, wanajifanya wameziteka. Hilo jina Rubattino nalo wekeni kiporo. Asubuhi wanapakia watu ufukweni Quarto, elfu moja na kidogo, wengi ni wanafunzi, mawakili, madaktari, watu wa mjini ambao bahari wanaijua ya kwenye picha. Garibaldi kapanda Piemonte, Bixio ndo nahodha wa Lombardo.

Na hapa kuna kisa nakipenda mno, kimeandikwa na kijana aliyekuwemo humo humo melini. Watu wamebanana, wanatapika, chakula shida, manung'uniko yameanza. Bixio akakorofishana na mmoja wao akamrushia sahani usoni, meli nzima ikapiga kelele. Basi akapanda juu akawakusanya wote. Akawaambia mimi nimeizunguka dunia, nimezama, nimefungwa, lakini nipo hapa na hapa naamuru mimi, hapa mimi ndiye kila kitu, mimi ni Czar, mimi ni Sultani, mimi ni Papa, mimi ni Nino Bixio, na ole wake atakayethubutu hata kupandisha bega. Jenerali kaniambia niwashushe Sicily, nitawashusha, tukifika huko mninyonge kwenye mti wa kwanza tutakaouona, lakini Sicily mtashuka.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana iliwahi kunikuta. Nikiwa kijana tulikuwa tunavuka kwenda Pemba na jahazi, katikati ya mkondo upepo ukageuka vibaya, chombo kinalala ubavu, maji yanaingia, na abiria mmoja mwenye suti yake akasimama akaanza kumfundisha nahodha kazi. Yule mzee hakumtazama hata, mkono uko kwenye usukani, akasema kaa chini, ukifika Wete kanishtaki. Abiria akakaa. Tulipofika Wete hakuna aliyeshtaki mtu, tulimbusu mkono. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wazee walishasema, na ndani ya Lombardo nahodha alikuwa mmoja tu.

Sasa sikilizeni, kidogo nahodha huyo huyo aimalize Italia kabla haijaanza. Usiku wa mwisho Piemonte iliyokuwa mbele imezima taa imesimama, kwa kuogopa manowari za mfalme wa Naples. Bixio anatokea nyuma, anaona kivuli cha meli gizani, anaamini ni adui, anaamuru mwendo wote, aigonge aizamishe! Watu washajipanga omo na bunduki. Mara inasikika sauti ya Garibaldi ikivuka maji, Kapteni Bixio, unataka kutuzamisha? Akajibu sikuona ishara yoyote, Jenerali. Garibaldi akamwambia tuko katikati ya doria ya adui, tunaelekea Marsala. Haya, Jenerali. Basi, biashara imeisha, na hatima ya nchi nzima ilikuwa imebaki urefu wa kamba mbili tatu.

Tarehe 11 Mei wakafika Marsala, na Lombardo ikapanda mchanga mlangoni mwa bandari ikakwama. Bahati yao kulikuwa na manowari mbili za Uingereza pale zimetia nanga, wale wa Naples wakasitasita kupiga mizinga, vijana wakashuka. Siku nne baadaye wako Calatafimi, wanapanda kilima ngazi kwa ngazi huku wanapigwa kutoka juu, na Bixio, mkali wote yule, ndiye anayemwambia Garibaldi naogopa itabidi turudi nyuma. Jibu analokumbuka kila mtoto wa shule Italia ni kwamba hapa tunaijenga Italia au tunakufa. Wakapanda, wakashinda. Tarehe 27 wakaingia Palermo, Bixio akala risasi, wanasema akaichomoa mwenyewe akaendelea.

Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto. Sasa Bronte.

Bronte ni mji chini ya mlima Etna, leo unajulikana kwa pistachio. Mwaka 1799 mfalme wa Naples aliitoa ardhi ya hapo kama zawadi kwa Nelson, amirali wa Uingereza aliyemsaidia kurudi kwenye kiti. Yaani mzungu wa mbali anapewa ardhi na mfalme ambaye wala hailimi, na mwenyeji anageuka kibarua hapo hapo alipozikwa babu yake. Hii habari hapa kwetu haihitaji mkalimani. Basi Garibaldi alivyoingia Sicily akafuta kodi ya kusaga nafaka, na tarehe 2 Juni akatoa amri kwamba ardhi za umma zigawiwe, na waliopigana wapate fungu lao. Wakulima wa Bronte wakasikia neno uhuru, na wao uhuru waliuelewa kwa maana moja tu, shamba. Wakangoja Juni, wakangoja Julai, mabwana wa mji wakawa wanavuta muda. Tarehe 2 Agosti ikalipuka. Nyumba zilichomwa, watu 16 wakauawa, akiwemo mthibitishaji wa hati wa mji, na waliuawa vibaya, sitaki kuwapamba wakulima hapa, ilikuwa kazi ya mashoka.

Garibaldi wakati huo anajipanga kuvuka mlango wa bahari kuingia bara, anahitaji nyuma yake kutulie, na anahitaji Waingereza wasikasirike, na balozi mdogo wa Uingereza alikuwa ameshaanza kuulizia mali za warithi wa Nelson. Unamtuma nani? Akatumwa Bixio. Akafika tarehe 6, akatangaza mji uko kwenye hali ya vita, silaha zirudishwe, faini kwa kila saa inayopita. Wengi wa walioua kweli walikuwa wameshatoroka milimani. Aliyebaki ni wakili Nicolò Lombardo, mtu wa upande wa Garibaldi kabisa, kosa lake ni kwamba alikuwa anawatetea wakulima wapate ile ardhi waliyoahidiwa. Wanasema aliambiwa kimbia akakataa, akaenda mwenyewe kujieleza. Jina lake Lombardo, kama ile meli, sijui Bixio aliliona hilo. Kesi ikasikilizwa kwa masaa, wala si siku, na alfajiri ya tarehe 10 Agosti watu watano wakapigwa risasi kwenye uwanja wa San Vito.

Wa tano alikuwa Nunzio Ciraldo Fraiunco. Huyu alikuwa chizi wa mji, kila mji unaye, kosa lake siku ya fujo alikuwa anazunguka anapuliza tarumbeta ya bati na kuimba. Inasimuliwa kwamba kikosi kilipopiga, risasi zote zilimkosa, labda askari wenyewe walipindisha mikono, na yule maskini akadhani Bikira Maria kamwokoa, akapiga magoti analia. Akamaliziwa kwa risasi ya kichwa.

Na Bixio siku zile anamwandikia mkewe kwamba ni kazi iliyolaaniwa, mtu wa tabia yake hakupaswa kutumwa huko. Sentensi hiyo mi nimekaa nayo miaka. Alijua! Kwenye meli uasi unaumaliza saa hiyo hiyo la sivyo wote mnazama, hakuna muda wa kuuliza nani alianza na alikuwa na njaa ya siku ngapi. Lakini mji hauzami jamani, watu wa mji watakuwepo kesho na keshokutwa na wajukuu zao. Tena aliyeonewa Bronte alikuwa ameonewa tangu 1799, na waliokuja kumkomboa wakamalizia kazi, na kesi nyingine ikafuata Catania mwaka 1863 wengine wakala kifungo cha maisha. Ile ardhi hawakuipata.

Watu wa Bixio wanamtetea, wanasema vita ni vita na aliyetoa amri ni Garibaldi. Kweli. Mi nasema wote wawili.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Agosti hiyo hiyo wakavuka kuingia bara, Bixio na meli ya Torino, na mtaamini au hamuamini akaipandisha mchanga na hii pia, pale Melito. Ya pili hiyo! Wakachukua Reggio, Septemba Garibaldi akaingia Naples kwa treni, na Oktoba mosi ndo vita kubwa ya mto Volturno. Bixio akapewa kulinda Maddaloni, kwenye lile daraja refu la matao linalobeba mfereji wa maji kwenda kasri la Caserta. Akamkabili von Mechel, Mswisi anayepigana kwa mshahara wa mfalme wa Naples, mwanawe akafia hapo hapo vitani. Mwanzo watu wa Bixio walikatika, mizinga ikachukuliwa, yeye akakusanya waliobaki mlimani akashuka nao kwa singe. Hapo ule ukali wa melini ulilipa, adui angepita Maddaloni angetokea mgongoni kwa Garibaldi na hadithi ingeishia hapo.

Italia ikatangazwa 1861, Bixio akawa mbunge, na Aprili mwaka huo Garibaldi na waziri mkuu Cavour walipotukanana bungeni karibu washikane mashati, aliyesimama kuwasihi wapatane, huwezi kuamini, ni mkali wetu. Baadaye wakamuingiza jeshi rasmi kama jenerali. Mwaka 1866 kwenye kipigo walichokula kwa Waaustria pale Custoza divisheni yake ilikuwa kati ya zilizobaki mwisho kuwalinda wengine wakirudi nyuma. Na 1870 Italia ikaenda kuchukua Rome, amri ya jeshi lote iko kwa Jenerali Cadorna, Bixio akachukua bandari ya Civitavecchia tarehe 16 Septemba, na tarehe 20 wenzake walipotoboa ukuta pale Porta Pia, yeye aliwekwa upande wa pili wa mji. Upande gani? San Pancrazio. Pale pale alipopigwa risasi yeye na Mameli miaka 21 nyuma.

Sasa viporo vyetu. Rubattino, yule mwenye zile meli walizojifanya wameziteka. Mwaka 1869, mwaka ule ule wa kufunguliwa mfereji wa Suez, kampuni hiyo hiyo ikanunua ghuba ya Assab kwenye Bahari ya Shamu kwa ajili ya meli zake, serikali ya Italia ikaja kuichukua 1882, na hapo ndo likaanza koloni la Eritrea. Wakashuka zaidi. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar akawakodishia Mogadishu, Merka, Barawa na Warsheikh, 1905 wakainunua moja kwa moja. Barawa jamani, ndugu zetu wa Chimwini, Kiswahili cha huko. Taifa lililopigana miaka yote lisitawaliwe na Muaustria, halijamaliza hata miaka 50 linanunua watu wa pwani kwa hundi. Wewe wa mlangoni, umeshtuka au bado?

Na Bixio mwenyewe? Alichoka na gwaride. Akaacha jeshi, akatafuta watu wa kuweka hisa, akajenga meli ya mvuke akaiita Maddaloni, mwaka 1873 akapita Suez kwenda mashariki kutafuta biashara, mtu wa miaka 51, seneta, jenerali, mizigo hana. Akapata mteja, Waholanzi. Walikuwa wamevamia Usultani wa Aceh mwezi wa tatu na nne, wakapigwa, jenerali wao akauawa, sasa wanakusanya jeshi la pili na wanataka meli za kubeba askari. Bixio akakubali. Aceh iko wapi? Kaskazini ya Sumatra. Waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kisiwa alichokimbilia akiwa kijana kwa kuogopa nahodha katili, leo anakiendea yeye ni nahodha, amebeba jeshi la wakoloni.

Kipindupindu kikaingia kwenye meli, askari wakaanza kudondoka, na tarehe 16 Desemba 1873 kikamchukua yeye, meli ikiwa nanga pale Aceh. Wenzake wakamzika kisiwani jirani, kwenye sanduku la chuma. Wenyeji walioona sanduku hilo linafukiwa wakadhani kuna mali, wakafukua. Mifupa iliyobaki ikaja kutafutwa baadaye, ikachomwa, na 1877 majivu yakarudi Genoa, yapo makaburi ya Staglieno. Kwa hiyo ukiyafuatilia majivu yale, safari yake ya mwisho alisafiri kama mzigo, wala hakuwa na la kumwambia nahodha.

Haya, maswali. Nianze na huyu wa suti.